Kadi ya Feni Tatu na Friji ya Muuza Maua

Jumatatu, 9 Machi

Nimeliwa na mbwamwitu. Mara ya tatu leo, na chai bado sijanywa!

Si kosa langu. Naliandika hili mapema ili lijulikane. Mbwamwitu alikuwa mbali, kule mitini. Nikainua shoka. Picha ikaganda. Ilipoganduka, mbwamwitu anamalizia mguu wangu wa kushoto na shoka bado liko hewani. Hapo katikati yalitokea mambo mengi, na mimi sikualikwa.

Gemu yenyewe inaitwa Kambi ya Theluji. Unatupwa msituni huna hata kijiko. Ukate kuni, ujenge kibanda, utafute chakula, usife kwa baridi. Mtu mzima kama mimi nimefikaje huko? Binti yangu. Tangu aende kufanya kazi mbali, miezi minane sasa, simu zetu zimekuwa za dakika mbili. Shikamoo baba, umekula, niko salama, haya baadaye. Lakini ndani ya gemu, yeye akikata kuni na mimi nikikusanya, maneno yanamtoka yenyewe. Bosi wake anayekoroma ofisini. Dari ya chumba chake inayovuja. Rafiki yake aliyehama bila kuaga. Amemfuata mama yake: la moyoni halisemi mpaka mikono iwe na kazi. Mama yake hukunja nguo. Huyu anakata kuni. Kwa hiyo kila Jumamosi, saa kumi jioni, baba yupo msituni.

Jumamosi iliyopita niliganda mara kumi na moja. Alikuwa ameanza kusema, baba, kuna jambo nataka nikuulize. Picha ikasimama, sauti ikakatika. Niliporudi nilikuwa maiti. Akasema basi, tutaongea wiki ijayo. Kwa sauti ile ya mtu anayerudisha kitu kabatini.

Jumamosi hii baridi kuu inaanza huko ndani. Kila kibanda kinataka watu wawili, mmoja wa moto na mmoja wa kuni, la sivyo dhoruba inakiangusha. Na leo mchana amepita shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, eti kunisalimia kwenye karakana yangu ya friji. Kunisalimia! Amekuja kunipa habari kwamba amenunua kompyuta mpya, inawaka taa za rangi sita. Akaniambia, Bwana Barafu, kama mashine yako imechoka usijitese, mpwa wangu nitakaa naye mimi.

Nikamjibu mashine yangu haina neno, nasubiri kipuri tu. Kipuri gani? Nikasema kadi ya picha. Neno hilo nimelitoa wapi sijui, ila lilitoka na heshima zake zote.


Jumanne, 10 Machi

Nimesoma kuhusu kadi za picha tangu asubuhi. Ni rahisi kuliko nilivyodhani! Ni kifaa kinachokaa ndani ya boksi la kompyuta na kuchora kila unachokiona kwenye skrini. Kikizidiwa kinapata joto, kikipata joto kinalegea. Basi! Hiyo ni kazi yangu. Mimi ni fundi friji mwaka wa ishirini na sita huu. Joto ni jirani yangu.

Kuna kadi za feni moja, za feni mbili na za feni tatu. Yangu ni ya feni moja, ndogo kama kifuniko cha birika. Mtu hahitaji shule kuona tatizo liko wapi.

Nimesoma pia malalamiko ya wachezaji wengine. Wanasema gemu hii imeundwa hovyo. Eti inachora kila jani la msitu mzima, hata yaliyo nyuma ya mgongo wako, hata yaliyofukiwa chini ya theluji. Eti hakuna mashine inayoiweza. Nimecheka. Hao ni watu wa feni moja.

Ndani ya gemu kuna ukurasa wa kupangia ubora wa picha. Vivuli, majani, theluji, moshi, manyoya ya wanyama. Kila kimoja kina namba, kuanzia moja hadi saba, sawasawa na kitufe cha friji! Siku ya kwanza tu nilijisikia nyumbani. Niliweka saba. Zote. Siwezi kukaa na mwanangu kwenye msitu wa daraja la tatu.

Mchana ameletwa mgonjwa: friji ya kioo ya dada mmoja muuza maua wa jirani. Haipoi, inanguruma, imejaa barafu nyuma. Nimeifungua, nimepeleka mkono kwenye kitufe. Saba! Nikamuuliza, dada, nani aliyeweka saba? Akasema yeye, ana maua ya harusi Jumapili, alitaka baridi ya kutosha. Nikampa somo lake pale pale mlangoni. Nilimwambia saba haileti baridi zaidi, inaua mashine tu. Mashine haipumziki, inajifunga barafu, mwisho inashindwa hata na kazi ndogo. Weka tatu, nikamwambia, uiache ifanye kazi kwa raha yake. Nikaongeza kwamba watu wengi wana tamaa ya namba. Alinisikiliza kwa adabu sana. Somo zuri. Karibu nijipigie makofi.

Nimemwahidi ataichukua Jumamosi saa kumi.


Jumatano, 11 Machi

Dukani kwa Bi Waya. Ni mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, anauza vipuri vya kompyuta na huonyeshi jino lako kwake bila kuulizwa limeota lini. Nimemwambia nataka kadi ya feni tatu. Akauliza kompyuta yangu ina boksi la ukubwa gani. Nikasema la kutosha. Pawa saplai yake, kile kisanduku cha kuilisha umeme, ya wati ngapi? Nikasema za kutosha. Akavaa miwani, akaniangalia kama mtu anayesoma maandishi madogo kwenye dawa. Akauliza kadi ni ya kazi gani. Nikataja gemu.

Alicheka mpaka akashika kaunta! Akasema, Fundi, hiyo hata ukiipeleka kwenye mashine ya kurushia roketi itakwama. Akasema wateja watatu wamemrudishia kadi nzima, zisizo na kasoro, kwa sababu ya gemu hiyo hiyo. Rudi nyumbani, akasema, upunguze ubora wa picha, usinunue kitu.

Muuzaji anayekukataza kununua! Nimeelewa mara moja. Kadi nzuri anawafichia watu wake.

Lakini kiyoyozi cha duka lake kilikuwa kinadondosha maji kwenye ndoo. Ndoo imejaa, na yeye anaisukuma kwa mguu huku anaongea. Nikamwambia nitakitengeneza leo leo, na yeye aniazime kadi ya feni tatu mpaka Ijumaa, niijaribu. Akawaza. Tone likamwangukia kwenye miwani. Akakubali.

Bomba lilikuwa limeziba kwa kiota cha nyigu. Dakika ishirini. Nimetoka pale na kadi kifuani kama mtoto mchanga. Kwenye kona nimekutana na shemeji. Nikapunguza mwendo ili aione vizuri. Akahesabu feni kwa kidole. Akahesabu tena! Siku njema kabisa.


Alhamisi, 12 Machi

Kadi haiingii.

Ni ndefu. Imezidi boksi kwa upana wa vidole vitatu. Mwingine angekata tamaa. Mimi nina mkasi wa bati.

Nimekata dirisha mbele ya boksi. Kazi safi, kona nimezikunja nisijikate. Kadi sasa imechomoza nje kidogo, kama mtu anayechungulia barabarani kuona kama mvua imekatika. Mke wangu amepita na kikapu cha nguo, akasimama. Akauliza, hiyo pua ni ya nini? Nikamweleza kuhusu hewa kuzunguka. Akasema yeye aliolewa na fundi friji, sasa anaishi na fundi wa kutoboa. Akaendelea na nguo zake.

Nimewasha. Feni tatu zikazunguka! Upepo wa kupeperusha risiti mezani. Nikafungua gemu. Msitu ukaja. Theluji ikaja. Sungura mmoja akageuka kuniangalia, naapa niliona sharubu zake.

Kisha giza. Kompyuta nzima, puu, imezimika.

Nimewasha tena. Msitu, theluji, sungura, puu. Mara tano. Kila nikifika kwa sungura. Nilianza kumchukia.

Nimempigia Bi Waya. Akaniuliza tena pawa saplai ni ya wati ngapi. Safari hii nimesoma kibandiko. Alipata kikohozi. Akasema, Fundi, umemfunga tembo kwenye toroli. Hiyo kadi inakula umeme mwingi kuliko kompyuta yako yote ikizidishwa mara mbili.

Hakuna kilichoharibika. Nimejifunza mengi kuhusu umeme. Na boksi sasa lina hewa.


Ijumaa, 13 Machi

Asubuhi nimerudisha kadi. Bi Waya ameipokea kwa mikono miwili, akaipuliza, akaigeuza, akauliza hizi chembe za bati zimetoka wapi. Nikasema usafirishaji.

Nikiwa njiani nimepata wazo. Kubwa! Nashangaa halijampata mtu mwingine, ingawa si kila mtu ana taaluma mbili.

Kadi yangu ndogo inalegea kwa joto. Watu wa kompyuta wanapambana na joto kwa feni. Feni ni upepo tu! Mimi nina baridi. Nina baridi ya kioo, yenye taa ndani, imetengenezwa na mimi mwenyewe juzi, ipo hapa karakana bila kazi mpaka kesho saa kumi.

Nimetoa trei za maua. Nimeingiza kompyuta yote, wima, inakaa kama iliyopimwa. Waya nimezipitisha kwenye mpira wa mlango. Skrini na kibodi nje, mezani. Nikaweka kitufe cha friji kwenye saba, kwa kuwa hii ni dharura.

Imekubali! Nusu saa nzima nimekata miti bila kuliwa. Iliganda mara tatu tu. Shemeji amepita, akanikuta nimekaa mbele ya friji naendesha kompyuta. Akauliza kama nauza kompyuta baridi na za kawaida. Nikamwambia acheke sana, kesho asije kunililia. Akasema kesho atakuja na mashine yake, iwapo tu, ataiweka mezani pembeni, hatanisumbua hata kidogo. Iwapo nini? Akasema iwapo tu.

Alipoondoka nikafungua mlango wa friji kuipongeza mashine yangu. Joto la karakana likaingia lote kwa pamoja. Nimeona mwenyewe, kwa macho haya ya fundi: ukungu, kisha matone, kwenye kila waya. Kitu ambacho nimewaeleza wateja kwa miaka ishirini na sita. Kompyuta ikatoa sauti kama mtu aliyemeza chai ya moto. Ikanyamaza. Ndani ya feni palikuwa na petali moja nyeupe.

Nimekaa chini kidogo, kwenye trei ya maua.

Mke wangu ndiye aliyenikuta. Sikumweleza, aliona. Hakunicheka, na hilo lilinitisha zaidi. Akasema binti amemtumia ujumbe mchana, anauliza kama kweli kesho baba atakuwepo, maana jambo lake hawezi kuliuliza kwa simu, na hataki kumuuliza mjomba. Kisha akachukua mashine yake ya kukaushia nywele, akavuta stuli, akaanza. Kipande kwa kipande, kila kimoja juu ya taulo. Mimi nashika, yeye anakausha. Akasema kwa nywele zangu zilizobaki hajawahi kupata nafasi ya kunifanyia hivi.


Jumamosi, 14 Machi

Saa mbili asubuhi. Imewaka!! Sijagusa kitu tena. Friji nimeifuta, trei nimerudisha, kitufe nimekirudisha kwenye tatu. Sijala.

Jioni. Niandike kwa mpangilio.

Saa tisa na nusu shemeji akaingia na mashine yake, ameikumbatia kama mtungi wa gesi. Akaiweka mezani kwangu, akaichomeka kwenye soketi yangu. Taa za rangi sita. Karakana ikawa kama harusini. Akakaa, akakunja mikono ya shati, akasema yeye hayupo hapa.

Saa kumi kamili nimeingia msituni. Binti yangu alikuwa mlangoni mwa kibanda, amevaa ngozi ya dubu, ananipungia. Akasema, baba, umefika! Nikasema nimefika, mwanangu. Nikapiga hatua mbili.

Nikaganda.

Sauti yake nilikuwa naisikia. Baba? Baba uko? Dhoruba inakuja, lete kuni. Picha imesimama, mguu wangu mmoja uko juu. Shemeji akasema sogea, mzee, huu ni wakati wa vijana. Ana miaka arobaini na nne! Akaingia na mashine yake ya taa. Mjomba huyu hapa, akatangaza, akapiga hatua mbili.

Akaganda.

Wanaume wawili wazima, bega kwa bega, mashine mbili, miguu miwili juu. Nikachungulia ukurasa wake wa namba. Saba. Zote! Tukaangaliana. Upande wa pili binti anasema moto unapungua, anakata kuni peke yake, hawezi kukata na kuchochea kwa pamoja. Ukuta mmoja umeanguka. Nikafungua ukurasa wangu wa namba, natafuta kama kuna nane.

Na hapo nyuma yangu nikasikia hodi. Muuza maua, amekuja kuchukua friji yake. Amesimama mlangoni, kanga begani, anasoma skrini yangu kwa utulivu kabisa, kutoka juu hadi chini. Saba, saba, saba, saba. Akasema, Fundi, samahani, hizi ni za kompyuta, mimi sizijui. Lakini si uliniambia saba inaua mashine tu?

Shemeji akaziba skrini yake kwa kiganja. Hata taa za shemeji nahisi zilififia.

Kisha kwenye spika, kutoka mbali kote huko, binti yangu, aliyesikia yote kupitia maikrofoni: Baba! Umeweka saba? Na akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu aondoke, kicheko cha tumbo, cha kukosa pumzi. Akasema yeye ameweka mbili tangu siku ya kwanza, miti yake inafanana na mifagio na dubu wake anafanana na sofa. Akasema, weka tatu baba, haraka, ukuta wa pili unaondoka.

Weka tatu, Fundi, akasema muuza maua.

Nimeweka tatu.

Msitu ukawa mbaya wa kutisha. Theluji kama unga uliomwagika. Mbwamwitu hana hata masikio. Lakini ulikuwa unatembea! Nikakimbia na kuni, nikaingia, nikachochea moto, yeye akasimamisha ukuta. Shemeji naye alibadilisha kimya kimya, akatokea mlangoni kwetu amechelewa, kibanda kimejaa. Ilibidi akalale kwenye pango. Nikamtupia kuni moja.

Dhoruba ilipotulia kidogo nikampakilia muuza maua friji yake, mke wangu akamshika shemeji mkono akamwambia twende ukanisaidie kukunja mashuka. Nikabaki na binti yangu. Dhoruba nje. Yeye anakata, mimi nachochea.

Akasema mkataba wake unaisha mwezi wa sita. Wanataka abaki miaka miwili mingine. Akasema kazi si mbaya ila jioni ni ndefu, na hajui, akataka kujua mimi ningesemaje. Nilitaka kusema rudi. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikamuuliza kama kuni zinatosha.

Akasema zinatosha. Akakata mbili zaidi. Akasema, nadhani nitakuja nyumbani kwanza, nikae mwezi mzima, halafu ndipo niamue. Nikasema chumba chake kipo vile vile. (Kina kompresa nne na koili. Nitavihamisha.)

Kabla hajaaga akanitaka nimwahidi kitu: baba, usinunue chochote. Hivi hivi inatosha.

Nimeahidi. Kwa moyo wote.


Jumanne, 17 Machi

Siku tatu za kufikiri kwa utulivu. Nimegundua kilichotuokoa Jumamosi.

Si ile tatu. Tatu ilitokea tu kuwa pale. Kilichotuokoa ni kukaushwa! Mashine imekaa na vumbi miaka mitano, imepata hewa ya moto kila kona, imefunguka kifua. Nimemweleza mke wangu. Amesema mashine yake ya nywele sasa anaifungia kabatini, na ufunguo anatembea nao.

Shemeji ametuma picha. Ameongeza kadi. Feni nne!

Muuza maua amepiga simu asubuhi. Friji inanguruma tena. Nimekwenda. Saba! Ana harusi mbili wiki hii, anasema, akaingiwa na wasiwasi. Nimemsomea upya, mwanzo hadi mwisho. Nimemwambia watu hawafundishiki.

Niliporudi nimepitia kwa Bi Waya. Kiyoyozi cha stoo yake nacho kinadondosha. Nimekimaliza kabla ya saa sita. Sijanunua kitu, ahadi yangu ipo pale pale. Nimebadilishana. Kadi ya feni tatu, na pawa saplai kubwa ya kumfaa tembo. Bi Waya amenishika mkono kwa muda mrefu, kama mtu anayempa mwenzake pole.

Binti anakuja mwezi wa sita. Atakaa hapa, kwenye stuli hii, kando yangu, aangalie skrini hii hii. Ataona mifagio? Kwa baba yake? Haiwezekani.

Kadi imeingia kwenye dirisha lake kama imezaliwa pale. Feni zinazunguka, risiti zinapeperuka. Nimefungua ukurasa wa namba. Vivuli, saba. Majani, saba. Theluji, moshi, manyoya. Saba zote.

Imewaka. Haijazima! Sungura amenisalimia kwa sharubu zake. Na kule mitini namwona mbwamwitu anakuja, mzuri ajabu, kila unywele unaonekana, hata mvuke wa pumzi yake.

Nimeinua shoka.